Mdogo wa Kuliwa

Juzi nilipita kwa fundi seremala pale Kibaoni kuulizia kitanda cha mjukuu wangu, nikamkuta anapiga randa ubao wa mninga. Maranda yamejaa miguuni pake, mekundu, na ile harufu yake ikanipanda kichwani kabla sijasema hodi. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Fundi akazima redio, akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Sikuumwa. Nilikuwa nimerudi utotoni, kwenye wiki moja ambayo niliamini kwa moyo wangu wote kwamba watu wa nyumbani kwetu wamekubaliana niliwe.

Ninyi wa rika langu hamtanicheka. Mnakumbuka tulivyolelewa na mumiani. Hatukuwahi kumwona, lakini tulimjua kuliko tulivyojua sala ya jioni: anakamata watu njiani, anawaning'iniza kichwa chini miguu juu, anawatoa damu mpaka tone la mwisho. Gari likinguruma barabarani, tulijitupa ndani ya mpunga tukalala kifudifudi kwenye tope, panzi wakiturukia masikioni, mpaka mngurumo ulipoishia. Na mama zetu, badala ya kukanusha, walimtumia mumiani kama fimbo. Usipomaliza ugali, mumiani. Usipotoka mtoni mapema, mumiani.

Katika hofu hiyo ndimo alimokuja Shangazi Skolastika.

Alikuwa dada yake baba. Kabla hajarudi nilimjua kwa jina lililosemwa kwa sauti ya chini tu, maana tangu sijazaliwa alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye kijiji cha wagonjwa wa ukoma kilichotunzwa na masista. Kisha vidonge vipya vikaja. Watu ambao walishakatiwa tamaa wakaanza kupona, na masika yalipokwisha shangazi akaambiwa anaweza kwenda kwao. Alifika akiwa na fungu la nguo kichwani. Baba alimpokea mzigo, akampeleka kwenye kibanda nyuma ya jiko. Mama akamtengea sahani yake, kikombe chake na kigoda chake, akaniambia kwa macho, bila kufungua kinywa, kwamba hivyo vitatu nisiviguse.

Alikuwa na mikono ambayo sikuweza kuitazama na sikuweza kuacha kuitazama. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani kama makucha ya ndege aliyekufa, na viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vifupi. Kila asubuhi nilimwamkia nikiwa upande wa pili wa ua.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaniamkia kama unayeita mtumbwi?"

Alikuwa mcheshi, nami nilimwogopa zaidi kwa ucheshi wake. Mtu mwenye mikono ile, niliwaza, anachekea nini?

Alasiri moja nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko nachambua mboga. Upande wa pili wa ukuta wa matete shangazi alikuwa na mgeni, Mzee Kasiani, ambaye naye alikuwa amepona na kurudi kutoka ng'ambo. Walikuwa wakiongea taratibu, kama watu wanaopanga shughuli.

"Sasa wewe umepangwa na nani?" Mzee Kasiani aliuliza.

"Na Mwalimu Otmari."

"Ah! Yule ana pupa, dada. Ukimwekea kitu mbele yake hajizuii. Lazima ale."

"Ndiyo maana nitamtoa mdogo."

"Mdogo yupi?"

"Yule wa mkono wa kulia wa mfalme. Namtoa mapema kabisa, Mwalimu hata hajakaa vizuri."

"Na akimla?"

"Amle. Akishamla, njia yangu imefunguka. Wakubwa wote wanapita hapo hapo."

"Skola, wewe huna huruma."

"Huruma niliiacha ng'ambo," shangazi akasema, na wote wawili wakacheka. "Jumapili baada ya misa. Utaona."

Mboga ilinidondoka mapajani. Nyumbani kwetu hakuna aliyeniita kwa jina langu la ubatizo. Nilikuwa mtoto wa mwisho, na kila mtu, hata majirani, aliniita Mdogo. Na huyo mfalme hakuwa fumbo. Mama alipotaka kumchokoza baba alimwita "mfalme wangu", na wakati wa kula, aliyekaa mkono wa kulia wa baba alikuwa mimi. Kilichobaki kilikuwa Mwalimu Otmari. Huyo alifundisha shule ya misheni, mrefu, mwembamba kama mwanzi, na watu walishangaa siku zote kwamba mtu anaweza kula vile kwenye sherehe asinenepe. Sasa nilijua chakula chake hasa ni kipi.

Siku zilizofuata kila jambo lilikuja kuthibitisha. Shangazi aliomba kitambaa kwa masista, akapeleka kwa fundi cherehani, nikashonewa gauni jipya la maua ya njano wakati si Krismasi wala Pasaka. Nilipopimwa kifua na kiuno nilimkumbuka mbuzi wa Mzee wa kanisa alivyopapaswa mbavu kabla ya sikukuu. Kaka yangu Benedikti alipoleta kambale kutoka mtoni, shangazi alisema kichwa apewe Mdogo. "Kula, mwanangu, upate nguvu. Jumapili tuna kazi." Nilitafuna, nikahesabu siku zilizobaki.

Mwishowe nilimwendea mama, akiwa anapepeta mchele. Nilitaka kusema yote, lakini woga hukata maneno ya mtoto, na yaliyonitoka ni haya tu:

"Mama, shangazi anataka kunitoa Jumapili."

Ungo haukusimama. "Ndiyo," mama akasema. "Tumekubaliana. Baba yako ameridhia. Nenda naye, na usituaibishe huko."

Leo najua alielewa kwamba shangazi atatoka nami, kama watoto wanavyotolewa kwenda kutembea. Siku ile nilimwangalia mama akipuliza pumba, pumba zinaruka, uso wake umetulia kabisa, nikaona dunia yote haina mlango. Ukimwogopa shangazi unakimbilia kwa mama. Ukimwogopa mama unakimbilia wapi?

Nilikimbilia shambani. Jumamosi nilipanda kwenye dungu letu la kuamia ndege, nikajilaza juu ya fito, nikakaa huko na jua na njaa, nikisikia kwelea wakishuka kwenye mpunga bila mtu wa kuwafukuza. Benedikti ndiye aliyenipata. Alinibeba mgongoni mpaka kwa baba.

"Una nini wewe?" baba akauliza.

"Sitaki kwenda na shangazi."

Uso wake ulijifunga kama dirisha. Alidhani naogopa mikono ya shangazi, na kweli niliiogopa, ila hiyo ilikuwa hofu ndogo chini ya ile kubwa.

"Utakwenda," akasema. "Katika nyumba hii hakuna mtu atakayemkimbia shangazi yako. Si tena." Akaondoka bila kunipiga, jambo lililonitisha kuliko kipigo.

Jumapili ikafika. Misa ilikwenda haraka mno. Tulipotoka kanisani shangazi alininyooshea mkono, nami nikashika pindo la kanga yake badala ya mkono. Tulivuka uwanja wa misheni, tukiwaamkia "Tumsifu Yesu Kristo" watu ambao, wakishaona mikono ya shangazi, waliitikia "Milele amina" wakiwa tayari wamegeuza mabega. Miguu yangu ilitetemeka ndani ya gauni jipya. Nilikuwa nimejikojolea kidogo na nilisali gauni lisionyeshe.

Tuliingia katika darasa kubwa la shule. Madawati yamesukumwa ukutani, meza zimepangwa katikati, na juu ya kila meza kuna ubao wenye miraba myeusi na myeupe, na juu ya miraba kuna vitu vidogo vya mti vimesimama kama watu kanisani. Vilichongwa kwa mninga, bado vinanukia, nusu vimepakwa rangi nyeusi. Ilikuwa sataranji, mchezo ambao Bruda mmoja wa misheni, fundi seremala, aliwafundisha wagonjwa kule ng'ambo ili siku zipungue urefu. Baadaye walimu na wauguzi wa upande huu waliupenda, na Bruda akaitisha mashindano. Mimi hayo sikuyajua. Niliona meza, niliona Mwalimu Otmari ameketi nyuma ya meza anatungoja, na nilimwona akijifuta midomo kwa kitambaa.

Shangazi aliketi mbele yake. Mimi nikasimamishwa pembeni, karibu na bega lake. Watu waliozunguka meza nyingine wakaanza kusogea kwetu, si kwa karibu sana. Mzee Kasiani alikuwa mlangoni. Bruda, mtu mwenye ndevu na Kiswahili kizito, akasema kila mchezaji aanze.

Shangazi alipata upande mweupe, yaani ule usiopakwa rangi. Alisukuma kitu kimoja kidogo kwa ubavu wa mkono wake, hatua mbili mbele. Mwalimu naye akasukuma cha kwake, vikasimama vinatazamana. Shangazi akanigeukia kidogo, kama anayetaka nishuhudie, akasukuma kingine kilichokuwa kando ya kile cha kwanza. Akakiweka mahali ambapo hata mimi, nisiyejua kitu, niliona kimewekwa kinywani mwa adui.

"Haya, Mwalimu," akasema.

Mwalimu Otmari aliinua mkono. Mkono ukafika juu ya kile kitu kidogo, ukasimama. Mpaka hapo alikuwa amegusa vitu vyake tu, vyeusi. Hiki kilikuwa kimeguswa na shangazi, na mchezo wenyewe ndivyo ulivyo: anayekula hukiondoa kilicholiwa kwa mkono wake.

"Bruda," akasema polepole, "lazima nikitoe mwenyewe?"

"Ni kanuni," Bruda akasema.

"Hakuna mtu wa kunitolea?"

Muuguzi mmoja alitazama viatu vyake. Wauguzi walijua kuliko wote kwamba shangazi amepona na hana cha kumwambukiza mtu, lakini kujua ni kitu kimoja, kunyoosha mkono ni kingine. Shangazi aliirudisha mikono yake taratibu kutoka mezani, akaifunika chini ya kanga. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, na zilikuwa pumzi za mtu anayeogopa. Nilishtuka. Sikujua kwamba anaogopa.

Nikanong'ona, "Shangazi, hicho ni nini?"

"Mdogo," akasema. Sauti haikutoka vizuri. "Hawa wa mbele wote tunawaita wadogo."

"Na huyo ndiye wa kuliwa?"

"Ndiye huyo, mwanangu. Ila hataki kumla."

Sitasahau kilichonipita mwilini. Ilikuwa kama umeshikilia pumzi chini ya maji mpaka kifua kinapasuka, halafu kichwa kinatoka juu. Mdogo alikuwa mti! Na papo hapo hofu mpya ikaja kuikanyaga furaha: kama Mwalimu hataki kumla mdogo huyu, si watamtafuta mwingine? Mdogo mwingine alikuwepo, amevaa gauni la maua ya njano. Sikufikiri mikono ya nani imegusa nini. Nilinyoosha mkono, nikakinyakua kile kitu kutoka kwenye ubao, nikakikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Ameshaliwa!" nikasema kwa sauti. "Mwalimu, ameshaliwa huyu, basi!"

Watu waliangua kicheko. Mzee Kasiani alicheka mpaka akashika mlango. Hata Bruda alicheka. Mwalimu Otmari hakucheka. Uso wake ulipita rangi kadhaa, akamtazama mtoto aliyesimama na kile kitu kifuani, akasogeza mdogo wake mweusi mahali palipobaki wazi.

Baada ya hapo mchezo ulikwenda. Sikuuelewa, lakini nilielewa shangazi. Alinyooka mgongo. Farasi wake akaruka, askofu wake akapita kwenye ile njia iliyofunguka, mfalme wake akajificha pembeni na ngome ikaja kusimama nyuma ya pale alipotoka mdogo. Mwalimu alikula tena, safari hii kwa vidole vyake mwenyewe, haraka haraka kama mtu anayetoa kaa la moto. Alikula na kingine. Mzee Kasiani alikuwa amesema kweli: hakuweza kujizuia. Na alipokuwa anakula huku, shangazi alikuwa anamzunguka kule, mpaka mfalme mweusi akakwama katikati ya watu wake mwenyewe akakosa pa kwenda.

"Nimeshindwa," Mwalimu akasema. Aliinuka, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima, akatoka. Wote tukasikia bomba la uani linafunguliwa, na maji yakimwagika, yakimwagika kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji.

Shangazi alikuwa anapanga vitu vyake upya. Akaacha kupanga, akasikiliza, kisha akaendelea. Mchezo uliofuata, dhidi ya mwenye duka mmoja aliyeketi bila kusita akamshika mkono kabla ya kuanza, aliupoteza upesi. Macho yake hayakuwa mezani.

Tulianza safari ya nyumbani mawingu yakiwa yametanda upande wa milima. Shangazi aliniuliza kwa nini nilitetemeka vile tangu asubuhi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, ya ukuta wa matete, ya kichwa cha kambale, ya mama na ungo. Mwanzoni alicheka, akacheka mpaka akakaa kwenye majani kando ya njia, machozi yanamtoka. Halafu cheko likakatika lakini machozi yakaendelea.

"Siku nzima ya jana ulikuwa juu ya dungu kwa ajili hiyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Pole, mama yangu. Pole sana." Akajifuta uso kwa bega. "Mimi naijua hofu hiyo. Mimi nilikuwa mdogo wao, kwetu. Baka lilipotokea shavuni watu wakaacha kuja kwetu kuomba moto. Wakaacha kununua mpunga wetu. Asubuhi moja kaka yangu akaniamsha, akaniambia tunavuka mto kumsalimia mama mkubwa. Nilifurahi! Nikapaka mafuta. Tulipofika ng'ambo aliniambia nikae chini, anakwenda kutafuta maji. Nikamwona anarudi kwenye mtumbwi. Nikaita. Hakugeuka."

Niliwaza kidogo. "Kaka yako yupi?"

Shangazi alikuwa na kaka mmoja tu, nami nililijua hilo kabla sijamaliza kuuliza.

"Twende," akasema. "Tutalowa."

Aliinuka, akatangulia. Nilimfuata, nikamfikia, nikashika mkono wake. Nilitarajia ubaridi, ulikuwa na joto na mgumu kama kwato. Tulitembea hivyo mwendo mrefu bila yeye kusema kitu wala kunibana vidole, mpaka nikadhani amekasirika. Kisha akatazama chini, akashtuka.

"Umenishika?" akauliza. "Samahani, mwanangu, mkono huu hausikii. Mpaka nitazame."

"Nimekushika."

"Tangu wapi?"

"Tangu kule ulipokaa."

Akaendelea kutembea, lakini tangu hapo alitazama chini kila baada ya muda, kama anayehakikisha.

Baba alikuwa uani anaanua mpunga kwenye jamvi kabla ya mvua. Alipotuona alisimama. Nilimtazama baba yangu, mikono yake, mabega yake yaliyonibeba mara ngapi, na hofu niliyodhani imeisha ikarudi ikiwa na uso wake.

"Mmeshinda?" akauliza.

"Mmoja tumeshinda, mmoja tumeshindwa," shangazi akasema.

Mimi nikasema, "Baba, na mimi nikiugua utanipeleka ng'ambo?"

Upepo uliinua ukingo wa jamvi. Baba hakunijibu mimi. Alimtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu mzima akiwa na uso wa mtoto aliyevunja kitu.

"Skola," akasema, "majirani walisema wataichoma nyumba, na mama yetu amelala ndani."

Shangazi aliuachia mkono wangu. Akainama, akashika upande wake wa jamvi kwa viganja vyote viwili, jinsi alivyoweza.

"Najua, kaka," akasema. "Shika huko, mvua hiyo imefika."